Pasi ya Jirani Kwenye Mita ya Mzee Yuniti

Kabla hatujafika kwenye mita yenyewe, mjueni kwanza mtu mwenyewe, maana wengine mna haraka ya kufika mwisho kama wapangaji wanaogombea bafu moja asubuhi.

Mtu mwenyewe aliitwa Mzee Yuniti. Jina la kitambulisho alikuwa nalo, lakini lilikuwa limelala kabatini pamoja na kitambulisho chenyewe, halina kazi. Maisha yake yote ya ajira alikuwa msoma mita wa shirika la umeme. Alivaa viatu vya kamba, akabeba tochi hata jua likiwa la utosi, akaingia nyua za watu akipaza neno moja tu: "Mitaaa!" Mbwa wa mtaa walimjua kwa harufu, na wawili watatu walimjua kwa ladha.

Ninyi mkiona mita mnaona sanduku la ukutani. Yeye aliona nyumba nzima. Mita za zamani zilikuwa na kile kisahani kinachozunguka nyuma ya kioo, chenye alama nyeusi ubavuni, na Mzee Yuniti alikitupia jicho kidogo tu akajua: hapa wamenunua friji, hapa bwana yuko safarini, pasi haijashikwa wiki nzima, hapa kuna wageni wasiojua kuaga, maji ya kuoga yanachemshwa kutwa. Hakumwambia mtu. Siri za watu alizipeleka mahali pamoja tu, kwa mkewe. Kila jioni, akishavua viatu mlangoni, mkewe alimwekea chai na kumwuliza swali lile lile: "Haya, mtaa umesomaje leo?" Hapo ndipo mtu huyu, mkimya kama ofisi siku ya Jumapili, alipofunguka. Alisimulia nyumba kwa nyumba, mwanamke anashika mbavu, na chai inapoa mezani hakuna anayeikumbuka.

Kisha akastaafu. Kisha, mvua za mwaka jana, mkewe akaugua siku chache na kufariki.

Hapa mnategemea kilio. Hakikuwepo. Watu walimsifu kwamba amejikaza kisabuni, ni mwanamume kwelikweli, wasijue kuwa hakujikaza hata chembe. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Ndani mle mlikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: unauona ni wako, unaugusa, lakini ukiuambia twende hauna habari na wewe. Alisubiri zile sindano zinazochoma ganzi likianza kutoka. Hazikuja. Waombolezaji wakaondoka, mabakuli ya majirani yakarudishwa, naye akabaki kwenye kiti chake kinachotazama mlango. Asubuhi alikula mkate mkavu. Maji hakuchemsha, birika la umeme lilikuwa la mkewe, na kila alipolinyooshea mkono, mkono ulisahau ulichofuata. Friji aliichomoa, maana haikuwa na kitu. Giza likiingia hakuwasha taa. Tena msimtilie chumvi mkasema ni huzuni. Hakuona tofauti tu.

Akiwa katika hali hiyo, shirika likaleta mita janja.

Fundi wa shirika alikuja na kofia ngumu na maneno laini. Alisimama mbele ya kibanda cha fundi cherehani, kilichopakana ukuta kwa ukuta na sebule ya Mzee Yuniti, akamwaga sera. Mita hii, alisema, haihitaji mtu kuja kuisoma. Kila nusu saa inajisoma yenyewe na kutuma hesabu ofisini. Hakuna tena bili ya kubahatisha. Hitilafu ikitokea, ofisi inajua kabla hujapiga simu. Na zaidi ya hayo, mwenye mita anaweza kufungua simu yake akaona kila saa ametumia umeme kiasi gani, akajua ni kifaa gani kinachomla.

Fundi cherehani mtaa ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa hakuna nguo aliyoiachia ipite mbele yake bila kuichungulia pindo. Alitoa pini mdomoni akauliza:

"Na ikikosea je?"

"Haikosei, mama."

"Mume wangu wa kwanza alisema hivyo hivyo."

Watu meno nje. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akavuka na mkasi mkononi, mteja kamwacha kwenye kiti na nusu kichwa.

"Mimi mlangoni kwangu hiyo siitaki," alisema. "Kitu kinachojua nimeamka saa ngapi, nimelala saa ngapi, nimewasha feni niko na nani! Hiyo si mita, hiyo ni mama mkwe wa ukutani."

"Wewe una nini cha kuchunguzwa?" Mama Pindo akamkata. "Umeme wako wote ni mashine moja na redio. Wataona nini? Kwamba unanyoa vibaya? Hilo mbona tunaliona bila mita."

"Cheka, cheka. Na siku wakitaka kukukatia? Zamani walikuja na ngazi. Mtu wa ngazi unambembeleza, unampa kiti, unamwambia mtoto anaumwa. Sasa mtu amekaa huko ofisini, anabonyeza kidole, wewe uko gizani. Kidole utakibembeleza vipi?"

Fundi wa shirika alikohoa. Jibu la kidole hakupewa kazini.

"Mimi naitaka hata leo," Mama Pindo alisema. "Nyaya za banda langu zimeungua tangu mvua zile, mwenye nyumba yuko safarini, sijui safari gani hiyo isiyo na kurudi, napiga pasi ya mkaa kama marehemu bibi yangu. Ukikosa mita janja niletee hata mita jinga." Kisha akageuka. "Mzee Yuniti! Mbona umekaa kama mzigo? Wewe ndiye mtaalamu wetu. Hiki kitu kizuri au kibaya?"

Mzee Yuniti alikuwa kwenye kigoda pembeni, pale walipomwita wakaona asikae ndani peke yake. Akalitazama lile sanduku jeupe mkononi mwa fundi. Halikuwa na kisahani. Palikuwa na kitaa chekundu tu, kidogo kama kichwa cha kiberiti, cha kupepesa umeme ukitumika. Akaelewa kwamba kuanzia sasa hakuna mtu atakayeingia uani kwa mtu akaita. Kazi yake ya maisha ilikuwa inafungwa kwenye boksi mbele ya macho yake. Alingoja imuume.

"Itasoma," alisema.

"Basi? Hivyo tu?"

"Itasoma."

Ikafungwa ndani sebuleni kwake, juu ya mlango, mahali pa ile ya zamani.

Sasa, Mzee Yuniti alikuwa na mtoto mmoja, binti, mpima damu katika hospitali ya mji mwingine, safari ya kutwa kwa basi. Simu ya baba ilikuwa ile ya vitufe, haiwezi mambo ya michoro, kwa hiyo mita iliandikishwa kwenye simu ya binti. Hapo ndipo alipojiuza bila kujua. Haikupita wiki simu ikalia.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Baba. Mstari wa umeme wako ninao hapa kwenye simu. Umelala tangu juzi. Asubuhi haukunyanyuka, mchana haukunyanyuka, giza limeingia hata taa hukuwasha. Hiyo chai umeichemshia wapi, kwapani?"

Mzee Yuniti akatazama juu ya mlango. Kitaa chekundu kilikuwa kimetulia, hakipepesi.

"Mimi nafanya kazi hospitali," binti aliendelea, na sauti ikapungua nguvu. "Kule kwetu mstari ukilala hivi tunaita ndugu. Nisikilize, baba. Nimevumilia kiasi changu. Nikiona tena umelala namna hii, nakuja kukuchukua. Utakaa na sisi, hiyo nyumba tutaipangisha. Sitaki kuletewa habari zako na majirani."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Nimesikia, mama."

Na kweli alisikia, tena hicho ndicho kitu pekee kilichomfikia tangu mazishi. Hakutaka kuondoka. Sababu angeulizwa asingeieleza. Kwa binti yake kulikuwa kuzuri, ghorofani, na mkwe mwenye kicheko kikubwa na wajukuu wawili, na wote hao kila asubuhi wangemtazama usoni waone kama leo amepata nafuu. Kiti chake hakikumtazama. Na nyuma ya mlango wa chumbani, kwenye msumari, palikuwa na sweta la marehemu, kiwiko kimoja bado kimejikunja kana kwamba mkono uko ndani. Hakuligusa hata siku moja. Alitaka tu lisiguswe na mtu mwingine.

Hapo ujanja wa kazi ukaamka wenyewe, bila kumwomba ruhusa. Wasoma mita wana kitu wanakiita kupika. Msomaji amechoka, au amekuta mbwa kafunguliwa, haingii. Anakaa kivulini anabuni namba inayofanana na nyumba ile. Wapishi wengi walikamatwa kwa sababu walipika bila kuonja. Mzee Yuniti hakukamatwa, kwa kuwa alijua watu wanavyoishi. Alijua nyumba yenye mtu mzima wa afya inavyopanda asubuhi, inavyoshuka na kuinuka mchana, na inavyobaki na mwanga jioni. Shida ni kwamba mita janja huipiki kwa kalamu. Hii lazima uilishe umeme wenyewe. Akafikiria kuwasha pasi na kuiacha mezani. Akaona ataunguza nyumba anayoililia.

Asubuhi yake, angali anawaza, mlango ukagongwa. Kila asubuhi uligongwa saa hiyo hiyo.

"Hodi, Mzee! Kiberiti chako kiko hai? Mkaa wangu leo umenuna."

Alikuwa Mama Pindo. Mzee Yuniti alimpa kiberiti, ila hakukiachia.

"Wewe kwa siku unapiga pasi mara ngapi?"

"Mzee, hiyo ni posa?"

"Nauliza."

"Asubuhi napiga zilizoshonwa jana. Mchana nashona. Jioni nafanya vifungo mpaka macho yakatae. Kwani vipi?"

Akamweleza kwa maneno machache, kama anayesoma namba. Mama Pindo alisikiliza, na kwa mara ya kwanza mtaani alimaliza kusikiliza kabla ya kusema.

Siku ile ile waya ukapita. Zilikuwa nyaya mbili za kurefushia zilizounganishwa, kutoka kwenye soketi ya sebuleni, sakafuni, kutoka dirishani, hadi kibandani. Cherehani ya umeme iliyokuwa imefunikwa gunia ikafunuliwa. Maungio ya nyaya Mzee Yuniti aliyazungushia tepu nyeusi, akazungusha na kuzungusha, hadi yakanenepa kama kidole kilichoteguka. Kazi ya mtu anayejua kazi. Hata ungevuta kwa trekta yasingeachana.

"Basi sikia, Mzee," Mama Pindo alisema kupitia dirishani, akijaribu pasi kwa kidole kilicholoweshwa mate. "Kuanzia leo uhai wako ni mimi. Nikienda harusini, wewe jifie taratibu nikirudi nitakufufua."

Akacheka kwa niaba ya wote wawili.

Binti alipiga simu kabla wiki haijaisha, na safari hii hata salamu aliisahau.

"Baba! Umeamka! Asubuhi naona kilima kirefu, hicho nini?"

"Pasi."

"Kila siku? Kwani unaenda wapi na nguo zilizonyooka hivyo? Baba, kuna mtu?"

"Hakuna mtu."

"Haya, hakuna mtu. Na hiki cha mchana kinachopanda na kushuka, kinapanda na kushuka?"

Mpishi hodari akakwama. "Kuna kitu... kinashonwa."

"Unashona!" Akasikika akivuta kamasi. "Mama angecheka huyo. Mama angecheka mpaka basi."

Mzee Yuniti aliishika simu mbali kidogo na sikio, akajisikiliza kama kuna kitu kinachokuja. Hakikuja kitu. Akasema "ndiyo, mama," maana ndilo neno lililokuwa karibu.

Binti alianza kuwatumia shangazi zake picha za mstari. Wakapiga simu mmoja mmoja: "Kaka, tumeona unavyotumia umeme, hongera sana!" Kwenye ukoo ule hajawahi mtu kusifiwa kwa kutumia umeme, wengi walitukanwa. Na wakati sifa zinamiminika, mwenyewe alikuwa kwenye kiti kile kile, na mkate ule ule, gizani. Aliyekuwa hai kwenye simu za watu alikuwa Mama Pindo na suruali za wanafunzi.

Kitu kimoja tu kilibadilika, na hakikuonekana kwenye mstari wa mtu yeyote. Mama Pindo hakugonga tena. Pasi ya umeme haiombi kiberiti.

Sasa tufike sakafuni.

Ilikuwa asubuhi, mvua imeanza kuchungulia. Mzee Yuniti aliinuka kwenda kurudisha dirisha, lisibaki wazi zaidi ya ule upenyo wa waya. Mguu ukanasa kwenye waya wenyewe. Akaenda chini kwa ubavu, nyonga ikatangulia, na kikasikika kitu kama kijiti kikavu. Maungio hayakuachana. Niliwaambia, kazi ya mtu anayejua. Kule kibandani pasi haikupoa hata chembe.

Akajaribu kuinuka. Mguu ukakataa. Maumivu yalikuwepo, aliyaona, lakini kwa umbali, kama mtu anayesoma namba ya mita ya nyumba nyingine. Simu ilikuwa kitandani chumbani. Akaita, "Mama Pindo!" Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi, na upande wa pili wa ukuta ilisikika redio ya kinyozi tu, inapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Hakurudia. Sakafu ilikuwa baridi, si mbaya. Akagundua kwamba hana haraka.

Kutoka alipolala aliiona mita. Kitaa chekundu kilipepesa upesi upesi: anapiga pasi. Baadaye kikapepesa kwa kusitasita: anashona. Akalala pale anasoma, kwa kuwa kusoma ndiko alikokuwa anajua.

Saa hizo kule hospitalini binti huenda amefungua simu kati ya chupa mbili za damu, ameona kilima, ametabasamu, ameirudisha mfukoni. Baba yuko salama, anapiga pasi. Mzee Yuniti aliliona jambo hilo wazi kabisa. Yeye yuko hapa chini, na mstari wake unatembea mjini una afya kuliko wa waziri. Msomaji wa zamani angelazimika kuingia. Angeita "Mitaaa!", angekatisha sebule, na ili aifikie ile namba angelazimika kumruka. Mita janja haikuhitaji kumruka mtu.

Karibu na mkono wake wa kulia palikuwa na lile fundo la tepu nyeusi.

Akiyaachanisha maungio, cherehani itazima, Mama Pindo atakuja juu kugomba, atamkuta. Mstari utalala, binti atapanda basi. Nyumba itapangishwa, na mtu atalitoa sweta kwenye msumari, alikunje. Asipoyaachanisha, jioni Mama Pindo atazima taa yake, atafunga banda, ataenda zake, na kitaa kitatulia. Akazipima hizo mbili, moja huku moja huku, akaona zina uzito sawa. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake tangu msiba, si ya siku ile tu.

Mvua ikanyesha, ikaacha. Kinyozi akabadilisha stesheni.

Na pale akiwa hana analowaza, likamjia swali la jioni, lenyewe, kama linavyomjia mtu jina alilolisahau. Haya, mtaa umesomaje leo? Mdomo ukaanza kujibu bila sauti, kwa mazoea. Nyumba ya kwanza kabisa leo ilikuwa na kioja. Mita inakwenda vizuri, pasi asubuhi, mchana wanashona. Mwenyewe yuko chini sakafuni.

Akamngoja mkewe acheke. Hakucheka. Akamsikia anavyosema, na birika mkononi, kwa ile sauti ya kumkata mtu kauli: Ukamwacha?

Mzee Yuniti akalishika fundo.

Tepu ilikuwa imefungwa na mtu mkaidi. Akaibandua kwa kucha, kisha kwa meno, akimtukana aliyeifunga kwa majina yote. Jasho likamtoka. Nyonga ilikuwa imesogea karibu sasa, haikuwa tena ya nyumba nyingine. Tabaka la mwisho likatoka, akashika huku na huku, akajiandaa kuvuta.

Hakuvuta. Upande wa pili wa ukuta Mama Pindo alikuwa katikati ya mshono, tena mshono mrefu, wa mguu wa suruali kutoka kiunoni hadi chini. Alishawahi kulalamika dirishani: umeme ukikata katikati ya mshono, uzi unajisokota chini ya kitambaa, unafumua kutwa. Basi akangoja. Akangoja na nyonga yake, macho kwenye kitaa, hadi kiliposita. Kikatulia. Amefika chini, amekata uzi.

Akavuta.

"Mzeee!" Sauti ilikuja hata kabla waya haujaanguka. "Mzee Yuniti! Umeme! Usinifanyie hivyo, mteja yuko hapa anangoja suruali na miguu yake!" Ndara zikaja zikipiga chini, kichwa kikaingia dirishani. "Mzee, nakuita hu... Mama yangu! Kinyozi! Kinyozi, njoo!"

Kinyozi alikuja mbio, akaurukia mlango kwa bega kama walivyo mashujaa. Mlango haukuwa umefungwa. Akaingia moja kwa moja, na nusura awepo mgonjwa wa pili.

"Mzee, umeanguka lini?" aliuliza akiwa magoti chini.

"Asubuhi."

"Asubuhi!" Mama Pindo akashika kichwa. "Na mimi nashona! Mbona hukuvuta mapema, mzee wangu?"

"Ulikuwa katikati," alisema Mzee Yuniti.

Binti alifika kesho yake na basi la kwanza. Mstari ulipolala alikuwa amepiga simu, ikapokelewa na Mama Pindo, na Mama Pindo si mtu wa kukuficha kitu. Akamkuta baba kwenye kitanda cha wodi, mguu umenyooshwa. Akaketi ukingoni na mkoba wake mapajani.

"Ile pasi," alisema.

"Ya Mama Pindo."

"Na kinachoshonwa."

"Sare za wanafunzi."

Binti akatikisa kichwa polepole. "Nikichoka kazini, baba, nilikuwa nafungua simu naangalia vilima vyako. Naingia chooni naviangalia huko. Kumbe nafurahia suruali za watoto wa watu."

"Pole, mama."

"Kwa nini lakini?"

"Ungekuja."

"Ningekuja, ndiyo! Mimi si mtoto wako?" Akafuta uso kwa kiganja. "Na kwa nini ulichomoa? Mama Pindo anasema ulikuwa na akili zako. Ungeweza tu kukaa pale."

Mzee Yuniti alitafuta jibu, na safari hii alilitafuta kwa kweli. Lililokuwa karibu hakulichukua. "Mama yako aliuliza," alisema mwishowe, na binti hakumwuliza zaidi.

Alichukuliwa, kama ilivyoahidiwa. Nyumba haikupangishwa. Siku ya kuondoka Mama Pindo alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mkileta mpangaji mtakuwa mmenikatia umeme. Mguu wa mzee ukipona atakuta kila kitu mahali pake. Chumbani siingii. Nitapita kwenye waya tu." Binti alimtazama baba yake, akamtazama yule mwanamke, kisha akampa ufunguo. Mpaka mguu upone, alisema. Hakusema zaidi ya hapo, wala hapakuwa na mtu wa kumdai zaidi.

Kule ghorofani mambo yalikuwa kama alivyoyaogopa. Walimtazama usoni kila asubuhi. Mkwe alicheka kwa kelele. Wajukuu waliuliza kama mguu umepona, wakauliza tena kabla ya chakula. Alijibu ndiyo na hapana, akakaa kwenye kiti walichomchagulia.

Jioni moja binti alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akamwekea baba chai kwenye kimeza. Kisha akatoa simu, akafungua ule mstari, maana alikuwa bado hajauondoa, akamwekea mapajani. Labda alitaka tu kumpa kitu cha kushika.

"Haya, nyumbani kumesomaje leo?"

Binti hakukumbuka ni swali la nani. Alikuwa mdogo enzi hizo, yumo chumbani anafanya kazi za shule. Lilimtoka tu. Mzee Yuniti alikitazama kioo. Hakuwahi kuuona ule mstari kwa macho yake. Kumbe ulikuwa mzuri. Akausogelea, akausogeza mbali, kama anavyofanya mtu wa umri wake.

"Leo kachelewa," alisema. "Kilima kimeanza mbele huku. Atakuwa kagombana na kinyozi."

"Umejuaje, baba?"

"Akigombana anarudia pasi. Ona. Hapa kapiga, kaacha, karudi tena, nguo ile ile. Kinyozi kamwambia neno." Kidole kikapanda na mstari. "Hapa kuna mteja mgumu. Anashona kidogo anasimama, kidogo anasimama. Anampima mara mbili mbili. Mtu mnene, tena mbishi."

Mjukuu mmoja akacheka, akaja kusimama kwenye mkono wa kiti. Mzee Yuniti aliuhamisha ule mguu wa pili, usiovunjika, ambao alikuwa ameukalia muda mrefu ukafa ganzi. Sindano zikaanza kupanda kutoka kwenye vidole, ndogo ndogo, za kuudhi. Akakunja uso, akaendelea.

"Sasa hii taa, hii ya mwisho. Ona ilivyochelewa kuzimwa. Nyumba ya jirani..."

Chai ikapoa pale kwenye kimeza, hakuna aliyeikumbuka.